Nilitafuta mabomu, nikakuta visiki

Shangazi yangu hapigi simu bure. Ukiona namba yake ujue kuna msiba, kuna harusi, au kuna mtu anakula mali ya ukoo. Mwaka 2019, miezi mitatu baada ya mimi kustaafu jeshini, alinipigia nikiwa Bombo nyumbani kwa mama. "Mtoto wa kaka yangu," akasema, "shamba la baba yako linaliwa. Njoo ulikalie, au usinilaumu nikishakufa."

Mimi ni mtoto wa kambi. Baba Mwacholi, mama Mnubi wa Bombo, nimezaliwa kwenye kwota za wanajeshi Jinja, na Kiswahili ndicho kilichonilea kwa sababu pale kila baba alikuja na lugha yake. Kiacholi changu ni cha kuombea maji. Shamba lenyewe niliwahi kuliona mara mbili tu nikiwa mtoto: eka 14 wilaya ya Amuru, kaskazini mwa Uganda, magharibi mwa Gulu, bonde upande mmoja na mwinuko upande wa pili. Wakati wa vita vya LRA, waasi wa Joseph Kony, palikaa vitu viwili juu yake. Upande wa barabarani ulikuwa ukingo wa kambi ya watu waliohamishwa vijijini kwao. Kwenye mwinuko ilikuwa ditachi, ndivyo tulivyozoea kuita kituo kidogo cha jeshi: mahandaki ya kuzunguka, vibanda vya nyasi, bendera, na jiko.

Naandika haya kwa sababu watu wanaorudi kwenye mashamba ya namna hii, wa Amuru, wa Pader, hata Wakongo niliokutana nao Kisoro wakingoja kurudi Rutshuru, huniuliza swali moja: mabomu yapo? Swali zuri. Hata mimi nilianza nalo, na likanizuia kuona mengine kwa karibu miaka miwili.

Kosa la kwanza nililifanya na kiberiti. Ilikuwa Februari 2020, kiangazi kimekausha kila kitu, nyasi zimenipita kichwa. Nikapiga hesabu ya vibarua wa kufyeka, laki tatu na ushee, nikaona ya nini, kiberiti ni shilingi mia mbili. Shangazi akaniambia ningoje. Sikungoja. Nilikuwa sajenti, na sajenti mstaafu hapokei amri kwa mwanamke wa miaka sabini. Siku hizi napokea.

Moto ulipofika karibu na yalipokuwa mahandaki nikasikia ta, ta-ta, ta. Mwili ulijua kabla ya akili, nikajikuta nimelala kifudifudi. Ni risasi zilizobaki ardhini, zinapasuka kwa joto. Halafu kitu kikubwa kikalia, udongo ukaruka juu, na kimya kikaingia. Mbuzi wa jirani aliyefungwa kamba kama hatua 40 kutoka pale alikufa papo hapo. Nililipa shilingi 180,000 na jirani hakunisalimia mpaka Pasaka. Usiku ule sikulala. Palepale alipokuwa mbuzi, jana yake nilimwona mtoto wa jirani yule akicheza.

Uganda ilitangaza Desemba 2012 kwamba imemaliza kuondoa mabomu ya kutegwa ardhini, nami sina sababu ya kubisha. Lakini vita huacha na vingine: gruneti lililorushwa likagoma, bomu la mota lililozama kwenye tope la mvua, sanduku la risasi lililosahauliwa ditachi ilipohama usiku. Hivi hakuna aliyevitega, kwa hiyo hakuna aliyevichorea ramani.

Siku ya pili mpwa wangu wa miaka 12 akaja kutoka upande ulioungua, ameshika kitu chenye kutu na mapezi nyuma. Amekibeba mkononi kama anayeleta muhogo. Nilimwambia kwa sauti ya chini akiweke polepole pale pale aliposimama, kisha arudi kwa kukanyaga nyayo zake mwenyewe. Akafanya hivyo vizuri sana. Nikamkumbatia, kisha nikamchapa, jambo ambalo mpaka leo silielewi.

Na mimi nusura nifanye ujinga wangu. Nimekaa jeshini miaka 25, nilijiona naweza kukifunga kamba nikakivuta mpaka kwenye shimo. Fundi wa jenereta nimefundishwa kutumia silaha, sikufundishwa kutegua. Mwanajeshi mstaafu ndiye wa hatari kuliko raia hapa, maana raia anaogopa na kupita mbali. Nilichofanya mwishowe ndicho namshauri kila mtu: usikiguse, simama mbali kidogo uweke matawi na kitambaa chekundu kuzunguka, fukuza watoto na mifugo, mwambie mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, mbele ya shahidi, kisha polisi, kituoni au kwa 999. Andika tarehe na jina la kila uliyemwambia. Wataalamu wa mabomu walifika baada ya siku 9. Siku hizo 9 nililala nje kwenye kiti nikilinda kitambaa changu chekundu. Walipokuja walizunguka mwinuko mzima, wakakuta vingine vitatu, wakavilipua hapohapo. Hawakunidai kitu. Niliwapikia kuku wawili na posho, yaani ugali.

Sasa la maganda ya risasi, nalo niliseme haraka kwa kuwa linaniaibisha. Kwenye mahandaki niliokota karibu nusu gunia la maganda ya shaba. Nikasikia kuna mnunuzi wa vyuma chakavu mjini, nikayapakia kwenye boda. Njiani tukasimamishwa kwenye kizuizi. Jaribu kumweleza kijana mwenye bunduki kwa nini wewe, mstaafu wa jeshi, unatembea na nusu gunia la maganda. Nilikaa kituoni mpaka jioni, mpaka mwenyekiti wangu alipopigiwa na kusema ananijua. Maganda yakabaki kule. Ukiyaokota, yakusanye pamoja uwakabidhi hao hao wataalamu wa mabomu wakija, na usisahau kuomba karatasi.

Mwishoni mwa Machi 2020 nchi ikafungwa kwa sababu ya korona. Nilikuwa nimekuja kwa wiki tatu, nikakaa miezi saba. Hakuna basi la kwenda Bombo, hakuna pa kwenda, kuna chepe tu. Ndipo nilipoanza kulijua shamba.

Mashimo kwanza. Mahandaki unayaona, yamebonyea, nyasi zake ni tofauti. Kinachokuficha ni vyoo. Kambi iliyojaa watu kwa miaka kumi inachimba choo, kinajaa, inafukia, inachimba kingine hatua tatu kando. Mwaka 2005 watu kama milioni 1.8 kaskazini nzima walikuwa wamefungiwa kwenye kambi kama hizo. Hesabu mwenyewe vyoo. Mbao za juu zimeoza, udongo umebaki kama kifuniko cha chungu. Nilipoteza dume la kulimia namna hiyo mwaka 2021, mguu ulizama, likavunjika, tukalichinja palepale. Shilingi 1,300,000, na msimu mzima wa kulima. Baadaye mzee mmoja wa jirani akanionyesha walivyofanya kwao: unachukua nondo ndefu, unatembea mstari kwa mstari ukichoma ardhi kila hatua, hasa pale ambapo kiangazi nyasi bado ni kijani. Penye nondo kuingia kama kwenye siagi, weka kigingi. Tuliweka vigingi 61. Kazi ya siku nne, na ingeniokolea dume.

Halafu takataka za jeshi. Makopo, chupa, nyaya, viatu, na betri. Betri kubwa za redio zilizopasuka, ndani unga wa kijivu. Zile nilizitoa kwa glovu na kuziweka kwenye pipa lenye mfuniko, na sehemu zilipokuwa sijapanda chochote cha kuliwa mpaka leo. Kisima kifupi kilichokuwa chini ya mwinuko nilikunywa maji yake wiki mbili kabla ya kupata akili ya kuyapeleka yapimwe wilayani. Yalikuwa machafu ya choo. Tumbo lilikuwa limeshaniambia.

Kwenye udongo nilikosea kwa ubahili. Nilipeleka sampuli moja maabara ya Kawanda, karibu na Kampala, nimeichota karibu na nyumba. Majibu yakasema udongo si mbaya. Nikapanda simsim eka mbili kwenye eneo la kambi, ikaota kama nywele za mgonjwa. Ardhi iliyokanyagwa na maelfu ya watu kwa miaka inakuwa kama sakafu. Jembe linagonga, maji yanapita juu. Chukua udongo sehemu mbalimbali, ditachi peke yake, kambi peke yake, bonde peke yake, kila fungu na jina lake. Safari mbili pamoja na vipimo zilinila laki nne, ambapo safari moja ingetosha.

Lakini kulikuwa na kipande kimoja ambacho hakikuhitaji maabara. Karibu na lilipokuwa jiko la ditachi kulikuwa na doa jeusi, upana wake kama mkeka wa watu wanne, halioti hata magugu. Nilichota udongo nikanusa. Nikakaa chini.

Ilikuwa oili chafu. Harufu ile naijua kama naijua harufu ya mama yangu.

Jeshi letu liliingia Mogadishu Machi 2007, wa kwanza wa kikosi cha Umoja wa Afrika. Mimi nilifika 2011. Kazi yangu ilikuwa jenereta. Watu wakifikiri vita wanafikiri bunduki, lakini kambi ya nchi ya ugenini ni dizeli. Dizeli inawasha taa, inapoza nyama, inasukuma maji, inaendesha redio, inampa daktari hewa baridi pale anapokata mguu wa mtu. Dizeli yenyewe inakuja kwa dizeli nyingine, kwa meli na malori yanayosindikizwa. Mashine yangu kubwa ilikula lita 40 kwa saa, usiku na mchana. Nilikuwa na daftari la jenereta, nimeandika kwa mkono wangu: saa, lita, chujio, oili. Sijawahi kukosa siku. Kila oili ilipobadilishwa niliandika "imebadilishwa". Ilikwenda wapi sikuandika. Nilichimba shimo nyuma ya ukuta, nikaimwaga mchangani. Mchanga uliinywa, nikaona ni mchanga mzuri.

Hata hesabu yenyewe sikuwahi kuimaliza mpaka nilipokutana na afisa mmoja kijana wa mazingira wilayani, binti mwenye subira, nilipokwenda kumuuliza habari ya lile doa. Nilimweleza daftari langu. Akachukua simu akapiga hesabu: lita moja ya dizeli ikiungua hutoa karibu kilo 2.7 za hewa ya ukaa. Lita 40 mara saa 24 ni lita 960. Mashine moja, siku moja, zaidi ya tani mbili na nusu. Kwa upande wa mafuta na gesi, mwananchi wa Uganda kwa wastani hafikii robo tani kwa mwaka mzima. Siku moja ya jenereta yangu ilikuwa mwaka wa zaidi ya watu kumi wa nyumbani kwetu. Na mashine hazikuwa moja.

Nikamuuliza, hiyo inaandikwa wapi, kwenye hesabu ya nchi gani? Akacheka kidogo. Kwenye mkataba wa Kyoto wa 1997 mafuta ya operesheni za pamoja za kijeshi yaliachwa nje ya hesabu za nchi. Mkataba wa Paris wa 2015 uliacha kila serikali iamue yenyewe kama itataja ya jeshi lake. Mwaka 2022 watafiti wa Uingereza walijaribu kukisia, wakafikia kwamba majeshi ya dunia pamoja na viwanda vinavyoyalisha huenda yanatoa asilimia 5.5 ya gesi zote zinazopasha dunia joto. Kukisia, kwa sababu wenye daftari hawalitoi. Sikuwalaumu sana. Hata langu nililikabidhi siku ya kuondoka na sijui kama kuna aliyelifungua.

Kuhusu doa jeusi, ushauri wake ulikuwa mfupi: usilime, usichimbe kisima chini yake, usilete mbuzi, na usihamishie udongo wake penye udongo mzuri. Nimelizungushia senyenge. Watu huja kuona kwa nini nimefunga sehemu isiyo na kitu.

Kutoka siku ile nikaacha kulitazama shamba kama mtu anayetafuta bomu. Nikaanza kutazama jiko.

Maana miaka ya 2003 hadi 2005 mimi mwenyewe nilikaa ditachi kama ile, si hii, nyingine, kwa gari saa moja na nusu kutoka hapa. Kikosi sitakitaja. Tulikuwa kama 80. Sufuria mbili kubwa, moja ya posho, moja ya maharage, na maharage ya jeshi yanachemka kwa muda wa saa nne. Tulikuwa tukiangusha mti mmoja mnene kila siku mbili, tatu. Kwa miaka miwili ni si chini ya miti 240, kwa watu 80 tu, kwa maharage tu. Tulikata hata mingine ili tuone mbali, adui asije akiwa amejificha. Na pale chini yetu kambi ya raia ilikuwa na watu maelfu, kila nyumba ina moto wake. Hatukuwaruhusu kwenda mbali. Saa tatu asubuhi tunafungua, saa kumi wawe wamerudi, na mwanamke aliyepita kilomita tatu alikuwa anacheza na maisha yake. Sasa mwanamke huyo kuni atazitoa wapi? Ndani ya duara hilo hilo. Walianza na matawi makavu, wakaja kwenye miti, mwisho nimeona kwa macho yangu akina mama wakichimba mizizi.

Nje ya duara, ajabu, msitu ulipumzika. Miaka ile hakuna mtu aliyelima, hakuna aliyekata. Shamba la baba lilikuwa na sehemu zote mbili: eka kama nane zilizonyolewa kipara, na nyuma ya bonde eka sita za miti mizito, yaa na beyo, iliyokua wakati sisi tunapigana. Yaa ndio mti wa mafuta ya moo yaa ambayo Waacholi hupikia na kumpakia mtoto mchanga. Shangazi anaihesabu kama watu.

Mama yangu huko Bombo, nilipomsimulia, hakushangaa. Alisema baada ya vita vya 1979 watu wenye bunduki waliishi kwa nyama ya mbuga, na kifaru wa mwisho wa Uganda alikwisha miaka michache baadaye, mpaka wakaletwa wengine Ziwa, Nakasongola, mwaka 2005. "Mwenye bunduki hali risasi," akasema. "Lazima ale kitu." Kati ya Amuru na mbuga ya Murchison ipo wilaya ya Nwoya tu, na tembo wa huko sasa wamerudi kwa wingi kiasi cha kutuvunjia mihogo. Hilo ni la siku nyingine, nikiwa nimepoa hasira.

Nilijaribu fidia. Nilikwenda ofisi mbili, sitazitaja. Afisa wa kwanza akaniuliza ushahidi wa hali ya shamba kabla ya vita. Sina. Wa pili akanionyesha fomu ya mifugo, kwa kuwa serikali imekuwa ikilipa watu wa Acholi, Lango na Teso kwa ng'ombe waliopotea vitani. Nikamwambia sikudai ng'ombe, nadai miti na udongo. Akapekua droo, kwa heshima kabisa, kama vile fomu hiyo ingeweza kuwa imedondokea chini. Ng'ombe wana fomu. Miti haina. Nauli, chakula, picha na kuchapisha barua vilinigharimu 260,000 na sikupata kitu. Lakini kama unarudi shambani leo, usisubiri fomu ipatikane. Kabla hujafyeka nyasi hata moja, piga picha kila upande, washa kile kipimo cha mahali kwenye simu, kaa na wazee wawili waseme mti gani ulikuwa wapi, andika, LC1 apige mhuri. Mimi nilianza baada ya kuchoma, na nusu ya ushahidi wangu ulikuwa majivu niliyoyatia mwenyewe.

Kisha nikapanda kalitusi, yaani mikaratusi, 600, mvua za 2020. Kila mstaafu hupanda kalitusi. Ni kama sare ya pili. Inakua haraka, inauzwa nguzo. Niliipanda pembeni mwa bonde kwa sababu huko ilishika vizuri. Kufikia 2022 chemchemi iliyokuwa inavuja mwaka mzima ilikauka Januari. Shangazi hakunigombeza. Alichukua jerikeni akaliweka mlangoni kwangu, tupu, kila asubuhi, wiki nzima. Niling'oa mistari yote ya bondeni.

Sasa kubwa kuliko yote. Mwaka huo huo wa 2022 walikuja watu wa mkaa, wamevaa vizuri, wanaongea Kiswahili kizuri cha barabarani. Waliitazama miti ya nyuma ya bonde. Wakanitajia milioni tatu na nusu kwa yote. Mwanangu alikuwa anadaiwa karo. Dume limekufa, simsim imekufa, kalitusi ndiyo hiyo. Nikasema si yote, nikawauzia 11. Beyo saba, yaa nne. Walimaliza kwa siku mbili kwa misumeno ya petroli, na moshi wa tanuru ulikaa bondeni siku kumi. Shangazi alihama akaenda kukaa kwa binti yake Gulu, hakusema kwa nini, wala hakuna aliyemuuliza.

Mei 2023 Rais Museveni akatoa amri ya kupiga marufuku biashara ya mkaa kaskazini. Watu wakanipongeza, wakidhani miti yangu imeokoka. Miti ile 11 ilivuka vita vyote, ikavuka ditachi, ikavuka duara. Nimeikata mimi, wakati wa amani, nikiwa na pensheni.

Kilichobadilisha mambo nilikiona kwa kukwaa. Kweli, nilijikwaa. Kwenye zile eka nane za kipara, baada ya misimu mitatu bila moto, nilijigonga mguu kwenye kisiki, nikainama kukitukana, nikaona machipukizi. Yaa. Akina mama wa kambi walikata shina lakini mizizi mingine ilibaki hai chini, miaka yote, ikisubiri mtu aache kuchoma. Yule binti wa wilayani akaniambia Watanzania wa Dodoma wana jina lake, kisiki hai, na njia yake haihitaji miche wala pesa. Unachagua machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka, unayakata mengine kwa kisu kikali, unafunga kitambaa cha rangi ili mchungaji ajue una mwenyewe, unasafisha nyasi kuzunguka, na mwezi wa Novemba kabla kiangazi hakijashika unalima njia pana ya kuzuia moto. Mwaka wa pili unabakiza moja.

Nilitoa daftari. Jipya, lakini nalipanga kama lile la jenereta, safu kwa safu: namba, aina, urefu, tarehe, hali. Tulihesabu visiki hai 212, mimi na yule mpwa wangu aliyeleta muhogo wa chuma. Ana miaka 17 sasa, na hakubali mtu mwingine afunge vitambaa. Hadi mwisho wa mwaka jana 19 vilikuwa vimekufa, sita kwa moto wa jirani, vingine kwa mbuzi, kimoja kwa panga langu kwa bahati mbaya. Kirefu zaidi kimenifikia kifuani. Mti wa yaa ukianza mbegu unachukua miaka mingi, zaidi ya kumi, hata kutoka kwenye kisiki si kesho. Nina miaka 53.

Shangazi alirudi. Nilimjengea jiko la udongo lenye mdomo mmoja, lile linalokula kuni kidogo, shilingi 35,000 pamoja na fundi, na hiyo ndiyo pesa niliyoitumia vizuri kuliko zote tangu nifike hapa. Kuni tunatoa kwenye matawi ya kalitusi zilizobaki mwinukoni. Nazo naziandika. Jumapili iliyopita nilikuwa nimekaa barazani na daftari, akaniuliza naandika nini siku zote kama karani.

"Kuni, shangazi. Mzigo mmoja, siku nne."

Akatikisa kichwa, akaendelea kupepeta simsim. Baadaye kidogo akasema bila kuniangalia, "Andika na ule wa usiku."